Juliasi Kaizari kwenye mawe ya Kitangiri: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumamosi ya kwanza

Mwaka jana niliwasomea wanafunzi wangu Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, kwa nakala moja, mimi nasoma, wao wananitazama. Kabla ya tendo la pili kwisha nusu ya darasa walikuwa wamelala. Safari hii kitabu kimebaki kwenye mkoba. Nimekuja na wanafunzi 19 wa kidato cha tatu, tumekaa juu ya mawe ya Kitangiri, Mwanza, Ziwa Victoria liko mbele yetu, na nimewapa swali moja tu: umati unageuzwaje mawazo kwa hotuba mbili?

Vifaa ni kishikwambi changu, kile tulichogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, simu mbili za kuazima na spika ndogo. Bando nanunua mara moja. Wakishapakua kitu wanarushiana kwa bluetooth. Yako makundi manne, na sharti ni kwamba jambo lolote lipatikane sehemu mbili tofauti ndipo tuliandike.

Jumamosi ya tatu

Lile sharti limezaa matunda. Kundi la historia lilileta kwamba Kaizari aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK kwa majeraha 23. Kundi la tamthilia likasema hapana, ni 33, na likafungua tendo la tano kuthibitisha. Wamebishana karibu nusu saa, nami nikawaacha. Wote wako sahihi: waandishi wa kale wanahesabu 23, Shakespeare akaandika 33. Binti mmoja akauliza kama mtunzi anaruhusiwa kufanya hivyo. Hapo ndipo somo la tamthilia lilipoanzia, maana swali hilo sikuwa nimewapa mimi.

Wengine wamegundua saa inayogonga katika tendo la pili, ilhali Roma ya Kaizari haikuwa na saa za namna hiyo. Wamefurahi kama waliookota pesa.

Kundi la tafsiri lilimtafuta mzee mmoja, mwalimu mstaafu, babu wa mmoja wao, ambaye bado ana nakala ya zamani. Wamerudi na habari kwamba Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake mwaka 1963, akiwa Rais, na mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuirekebisha, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake nyingine ya Shakespeare. Kijana wa kundi hilo alikuwa akirudia, "Mtu wa Butiama, huku huku kwetu!" Walikuwa wakimjua Nyerere wa kwenye noti na picha za ofisini. Sasa wamemwona mtu aliyekaa usiku anahangaika na mizani ya mistari.

Jumamosi ya tano

Tumerekodi ile hotuba ya pili, ya Antony, rafiki wa Kaizari, mbele ya umati baada ya mauaji. Asubuhi sauti ilikuwa safi, lakini kuanzia saa saba mchana upepo wa ziwani uliharibu kila kitu. Nchi kavu inapopata joto hewa yake hupanda, na ile ya ziwani inaingia kuziba nafasi. Tulivisha simu soksi, ikasaidia kidogo. Kuanzia sasa tunarekodi kabla ya saa nne.

Sauti 19 si umati. Basi tukarekodi kelele zao mara nne, kila mara wamebadilishana nafasi juu ya mawe, nikazipandanisha kwenye programu ya kuhariri: zikawa sauti 76. Nilipoziachia kwenye spika, wenyewe walinyamaza.

Halafu wakaona kitu kwenye skrini. Msomaji wa Antony kila akifika kwenye ile sifa anayompa Brutus, mmoja wa wauaji, ya uadilifu, alikuwa anashusha sauti, mpaka sifa ikageuka tusi. Wakati huo mistari ya sauti ya umati ilikuwa bado myembamba. Ilinenepa kidogo kwenye damu na vazi lililotobolewa. Ilipofika kwenye wosia wa Kaizari, drakma 75 kwa kila Mrumi, ikajaa skrini nzima. Sikuwa nimewaambia wapaze sauti hapo. Walitazamana.

Jumamosi ya saba

Leo ni onyesho fupi linalofuata, la mshairi Cinna. Ana jina moja na mmoja wa waliomuua Kaizari. Anawaambia umati yeye ni mshairi, si yule. Wanasema basi auawe kwa mashairi yake mabovu.

Hakuna aliyecheka. Kijana anayesaidia mjomba wake kwenye soko la samaki la Mwaloni alisema, "Mwalimu, mimi nimeona hii." Mtu alipiga kelele ya mwizi, na watu walishika mawe kabla ya kujua nani anaitwa. Alieleza polepole, akitazama chini, na wenzake wakasogea. Sikuongeza neno. Nilizima kishikwambi, tukakaa.

Onyesho litakuwa hapa hapa kwenye mawe, mchana kweupe na bila pazia, kama walivyoigiza kwenye jumba la Globe, London, mwaka 1599. Wahusika wote wamepatikana isipokuwa Cinna. Wawili wameikataa.

Usiku

Nimepata ujumbe wa sauti kutoka simu ya mama yake yule kijana wa Mwaloni. "Shikamoo mwalimu. Cinna nitaigiza mimi. Ila naomba umati usikae jukwaani. Utokee nyuma ya watazamaji."