The International ya Colorado, mashindano yaliyohesabu pointi badala ya mikwaju

Ukihamia Denver au Aurora na begi lako la gofu, haitachukua muda kabla ya kusikia wenyeji wakiitaja The International, mashindano ya gofu ya kulipwa. Mashindano hayo yalikufa zamani, lakini mchezaji aliyekulia Nairobi au Kampala atayaelewa upesi kuliko Wamarekani wengi, kwa sababu yalichezwa kwa Stableford, mfumo wa kutoa pointi kwa kila shimo.

Yalianza 1986 katika klabu ya Castle Pines, kusini mwa Denver, kwenye uwanja uliochorwa na Jack Nicklaus kwa ajili ya mfanyabiashara wa mafuta Jack Vickers. Ken Green ndiye aliyeshinda mwaka huo wa kwanza. Phil Mickelson na Davis Love III walishinda mara mbili kila mmoja.

Sasa tazama hesabu yenyewe, maana utamu wote umo humo. Stableford yetu ya Jumamosi klabuni, ukishaondoa handikapu (mikwaju ya nafuu kulingana na uwezo wako), pa (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo) ni pointi 2, badi (mmoja pungufu ya pa) 3, bogi (mmoja zaidi) 1, na ukiharibu zaidi unapata sifuri. Kule Castle Pines albatrosi (mitatu pungufu ya pa) ilikuwa 8, igo (miwili pungufu) 5, badi 2, pa 0. Bogi ilikukata pointi 1, na dabo bogi (miwili zaidi ya pa) au zaidi ilikukata 3, basi. Hata ukipiga mipira mitatu majini, hasara haizidi hapo. Unaokota mpira na kwenda shimo linalofuata.

Chukua wachezaji wawili. Wa kwanza anapiga pa mashimo yote 18: ana sifuri. Wa pili anapata badi 4, bogi 4 na pa 10. Mikwaju yao ni sawasawa, ila wa pili ana pointi 4. Klabuni kwetu hao wawili wangefungana kwa 36. Ndiyo maana pale mtu aliyecheza kwa woga aliachwa nyuma, na kwenye shimo la pa 5 lenye maji mbele ya grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) wengi walilipua mkwaju wa pili bila kusita.

Mwaka 2002 ulionyesha jambo hili kuliko mwingine wowote. Siku ya mwisho Steve Lowery alitumbukiza mpira kutoka mbali shimo la 15 akapata igo, kisha shimo la 17, ambalo ni pa 5, akamaliza kwa mikwaju miwili: pointi 8 kwa mpigo. Bado alishindwa. Rich Beem, aliyekuwa naye amepata igo hapo 17, alimaliza na 44 dhidi ya 43. Lowery angegeuza pa moja tu kuwa badi, kombe lingekuwa lake.

Jambo la pili ni mwinuko. Castle Pines iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi, na hewa nyepesi huongeza umbali kwa takriban asilimia 10. Aliyezoea Nairobi hahitaji kubadili fimbo. Anayetoka Mombasa au Dar achukue fimbo moja fupi zaidi, na akumbuke kwamba mpira huku haupindi sana na hushuka ukiwa na kasi, kwa hiyo hautulii haraka kwenye grini.

Mashindano yenyewe yaliuawa na mambo kadhaa. Yalichezwa Agosti, msimu ambao radi za alasiri husimamisha michezo mara kwa mara. Tiger Woods alicheza 1998 na 1999, hakurudi tena. Miaka ya 1990 yalibeba jina la mdhamini, kampuni ya simu ya Sprint. Baadaye hakupatikana mdhamini mkuu wa kudumu. Dean Wilson alishinda 2006 kwa mashimo ya ziada dhidi ya Tom Lehman, na Februari 2007 ikatangazwa kwamba yamefutwa. Nafasi yake kwenye kalenda ilikwenda kwa mashindano mapya karibu na Washington, mwenyeji wake akiwa Woods huyohuyo. Inauma kweli.

Castle Pines ni klabu ya wanachama, huingii bila kualikwa. Agosti 2024 ilipokea mashindano ya kulipwa ya BMW Championship, uwanja ukiwa umerefushwa kupita yadi 8,000, na Keegan Bradley akashinda. Safari hiyo walihesabu mikwaju.