Si leo umepumzika?

Saa nne usiku hii, wote wameshalala, na kuna sentensi moja ya Jumatano inanizunguka kichwani kama mbu aliyebaki ndani ya neti. Naiandika huenda ikatoka.

Mnaonisoma tangu Novemba habari ya muundi wangu kuuma mnayo. Nilikuwa nakimbia siku sita kwa wiki, najiona niko vizuri maana pumzi ilishakuja, naupanda ule mlima wa chuo pale Mlimani huku naongea, kumbe mguu ulikuwa haujafika huko. Yule fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, ndo alinielewesha. Moyo na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, mfupa na kano vinataka miezi, kwa hiyo pumzi inakupa moyo wa kuongeza kilomita wakati mfupa bado unajijenga, na kazi hiyo inataka siku ambazo hukimbii. Akanibonyeza kwa kidole gumba kuanzia chini ya goti mpaka kifundo, panauma wapi, nikamwambia huu upande wa ndani wote, akashusha pumzi, akasema ingekuwa sehemu moja ndogo tu inayochoma mpaka usiku nikiwa nimelala angenipeleka kupiga picha moja kwa moja, maana hapo mfupa unaweza kuwa na ufa. Akanipangia upya. Jumanne, Alhamisi na Ijumaa fupi fupi, Jumapili ndefu, siku tatu zilizobaki nisikimbie kabisa, na Jumatatu hata ngazi nizihurumie. Mbio za Moshi ni mwisho wa Februari na ile barabara ya Mweka inapanda tu, kwa hiyo sina ubishi, nafuata.

Sasa Jumatano. Niliamka mapigo 68 kabla sijashuka kitandani wakati kawaida yangu ni 60, nikajua mwili umechoka. Lakini siku ikaenda vile vile, uji wa watoto, daladala ya Posta nimesimama toka Mwenge, kazini, kurudi nimesimama tena, sokoni, jikoni. Saa moja kasoro jioni ndo nikakaa kwenye mkeka kwa mara ya kwanza, mgongo ukutani, mguu juu ya stuli, nimechukua barafu ya ubuyu kwenye friji nimeizungushia kanga naikandia muundi. Ilikuwa inayeyuka taratibu, wekundu unaanza kutoka kwenye kanga, na mguu ulikuwa unapoa vizuri jamani.

Baba Tariq akasimama mlangoni. "Mama Tariq, si leo umepumzika? Basi ungemalizia na zile shuka za mama."

Nikasema, "Sawa."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndo linaniuma zaidi. Angefoka ningejibu. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeona sehemu imebaki wazi na kitu cha kuweka anacho. Umepumzika. Yani kwake ilishatokea, nimeshapumzika toka asubuhi kwa sababu raba zilikuwa uvunguni. Nikaenda kufua. Mashuka mawili, foronya nne, nimeinama kwenye beseni, muundi unagonga.

Nimeirudia ile "sawa" yangu siku nne sasa. Naoga naisikia. Mama mkwe katolewa mtoto wa jicho na anasoma saa ya ukutani mwenyewe, kazini nimethibitishwa Alhamisi, kheri zote hizo Alhamdulillah, ila mi bado niko kwenye ule mkeka. Mara najibu, "Baba Tariq, nimepumzika saa ngapi?" Mara najibu, "Ngoja barafu iishe." Majibu yote mazuri yamekuja yamechelewa.

Na nimewaza sana wale wakimbiaji wa Kenya walio kambini, Kaptagat, Iten. Watu wanasema mbona wenzetu wanakimbia mpaka mara mbili kwa siku. Ni kweli, ila katikati wanakunywa chai na wanalala! Kulala mchana kule ni sehemu ya kazi. Na najua Kipchoge mwenyewe, na umaarufu wake wote, kambini alikuwa na zamu ya kusafisha choo, lakini hiyo ni zamu, kesho inakwenda kwa mwingine. Mimi zamu yangu haina wa kumpokeza.

Basi nilikuwa nimeshaandika mpaka hapo kichwani, leo Jumapili, kilomita 14, na ilikuwa mbio nzuri kuliko zote toka mwaka uanze. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri kabla ya joto, kilomita ya tisa nakumbuka muundi, nausikilizia, kimya. Nikarudi nyumbani nacheka mwenyewe. Getini namkuta Zuhura, dada wetu wa kazi, baibui limepigwa pasi, mkoba begani, anaenda kwa shangazi yake Mbagala kama kila Jumapili. Na mdomo wangu huu huu ukasema, "Zuhura, si leo unapumzika? Hebu kabla hujatoka nisuuzie zile sare za watoto."

"Sawa mama."

Akauweka mkoba chini, akaanza kukunja mikono ya baibui. Ile sawa niliijua. Ni yangu, sauti ile ile. Nikamwambia hapana, nenda, nenda mwanangu shangazi anakusubiri, akaniangalia kama vile amekosea kitu, nikamvika mkoba mwenyewe begani. Sare nimesuuza mimi, na jasho langu. Nilikuwa najiuliza ni Jumapili ngapi ameondoka saa tano kwa ajili ya kitu kidogo tu, na sikupata hesabu.

Jioni nikamwambia Baba Tariq yote mawili, la mkeka na la getini. Alinyamaza muda. Halafu akauliza, "Kwa hiyo Jumatano nani anafua?" Nikamwambia sijui, tukae tupange. Hatujapanga bado, kasinzia kwenye kochi na taarifa ya habari inaendelea.

Halafu wakati wa kupiga mswaki nimeona Tariq jino jipya limeota nyuma ya lile la utoto, chini, mbele kabisa, na la zamani nimelishika halitikisiki hata kidogo. Kuna mwanaye lilimtokea hivi? Mlingoja au mlienda kung'oa?