Kumbukumbu ya mradi wangu: Jane yupi anasikiliza?

Mradi umeanza kupata umbo. Azma ni ileile: kuichukua riwaya ya Jane Eyre ya Charlotte Brontë, iliyotoka 1847, na kuwapima waigizaji waliocheza nafasi za Jane na bwana Rochester katika filamu na tamthilia za televisheni, tukio kwa tukio. Sitaki kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho. Orodha za namna hiyo zimejaa tele, na nyingi huishia kwa mwandishi kumtetea Rochester aliyemwona kwanza.

Matukio niliyobakiza ni manne: farasi anateleza kwenye barafu na wawili hao wanakutana bila kujuana, mazungumzo kando ya moto, posa bustanini, na kuagana baada ya harusi kuvunjika. Kukutana tena mwishoni nimekuacha makusudi, kwa sababu kila mwongozaji hukubadilisha apendavyo. Filamu ya 2011 inawakutanisha nje, ilhali riwaya inampeleka Jane mpaka Ferndean, nyumba iliyojificha katikati ya miti. Huwezi kulinganisha uigizaji ikiwa hata mahali si pamoja.

Kila tukio naliangalia kwa namna mbili: kwanza nimezima sauti, halafu nimefunika kioo nikabaki na masikio tu. Ndipo mambo yalipoanza kuvutia.

Kando ya moto

Hili ndilo tukio lililonichukulia muda mwingi, na sijalichoka. Liko sura ya 14. Rochester anagundua kuwa Jane anamtazama, anamuuliza ghafla kama anamwona mzuri wa sura. Jane anajibu, "Hapana, bwana," jibu likimponyoka kabla hajalipima. Kumbuka ni nani anayesema: mwalimu wa nyumbani mwenye miaka 18, anayelipwa mshahara na huyohuyo anayemjibu.

Brontë alimwandika mwanamume asiye na sura ya kuvutia. Watengeneza filamu, kama kawaida yao, huwaajiri wanaume wazuri. Katika tamthilia ya BBC ya 1983 yuko Timothy Dalton na sura yake ile yote, na Zelah Clarke anatakiwa amwambie hapana. Nilidhani ningecheka. Lakini Clarke hatii chumvi: halifanyi jibu kuwa mzaha wala uchokozi. Analitoa na kuliacha lilipo, na Dalton ndiye anayehangaika nalo. Ghafla neno hilo linakuwa na maana nyingine, kwamba sura hiyo haimtishi. Si alichoandika Brontë, lakini kinafanya kazi.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika safu mpya kwenye daftari: Jane anafanya nini wakati Rochester anazungumza? Maana Rochester ana maneno mengi kupindukia. Anahoji, anaamuru, anajieleza, anarudi nyuma, anajitetea. Msomaji wa riwaya habanwi na wingi huo kwa kuwa yumo kichwani mwa Jane muda wote, anasikia anachofikiri. Filamu inaondoa kichwa hicho na kutuachia uso. Mwigizaji wa Jane asipoweza kufikiri bila kusema, Rochester anabaki mtu anayehutubia.

Sauti ya Welles

Ushahidi wangu mzito ni filamu ya Robert Stevenson ya 1943. Orson Welles na Joan Fontaine hawakupishana hata miaka 3, ilhali kitabuni Bi Fairfax, msimamizi wa nyumba ya Rochester, anataja tofauti ya miaka 20 kati ya Jane na bwana wake. Welles hakuwa hata ametimiza miaka 30. Funika kioo, na miaka hiyo yote inaonekana kwenye koo lake. Ni mtu aliyekulia kwenye redio, na anajua kulijaza jumba zima la mawe kwa kushusha pumzi tu. Katika jaribio la masikio hajapata mpinzani.

Washa picha, zima sauti, na mizani inageuka. Fontaine anamtazama kwa macho ya kungoja aambiwe la kufanya. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amecheza bibi harusi mwenye woga katika filamu ya Rebecca, na naona woga ule umemfuata mpaka hapa. Jane wa kitabuni haogopi. Anatii kwa sababu ni kazi yake, kisha anamjibu tajiri wake ana kwa ana.

Nikiwa hapohapo: filamu hiyo inafunguka kwa kurasa za kitabu na sauti ya Fontaine ikisoma kwamba Jane alizaliwa 1820. Maneno hayo hayamo katika riwaya. Wameazima kitabu kwa sura, wakaandika yao ndani. Hata St. John Rivers, kasisi anayemposa Jane, hayupo. Jina la Rivers amepewa daktari.

Uso wa Wasikowska

Kwenye jaribio la macho, sasa hivi anayeongoza ni Mia Wasikowska, filamu ya Cary Joji Fukunaga ya 2011. Hakuna msimulizi wa kumsaidia. Alikuwa na miaka 20 wakati wa kupiga picha, karibu na umri wa Jane kuliko wengi waliomtangulia, lakini umri pekee hausemi kitu. Anachofanya ni kuchelewa. Michael Fassbender akimaliza sentensi, yeye hajibu hapohapo. Unaona jibu likipita machoni, likikataliwa, likija jingine. Na Fassbender, kwa sifa yake, anamtazama kama mtu asiyejua atajibiwa nini. Wengi waliocheza Rochester huuliza swali huku wakijua jibu.

Ndiyo sababu nimeacha kuandika alama za Rochester peke yake. Kila Rochester ninayempenda ana Jane anayemsikiliza vizuri mbele yake.

Kinyume chake kipo pia. Katika filamu ya 1997 Ciarán Hinds anafoka mno, mpaka Samantha Morton hapati pa kusikiliza. Morton ana utulivu mzuri, hayumbi hata kidogo, lakini wawili hao wako katika filamu mbili tofauti. Ile ya Franco Zeffirelli ya 1996 ina tatizo jingine: Charlotte Gainsbourg ni Jane hasa, mkavu, mwenye macho yasiyoficha dharau, na William Hurt anaongea kama aliyeamshwa usingizini. Isitoshe, moto unaoteketeza Thornfield, jumba la Rochester, umesogezwa mpaka wakati Jane anaondoka, kwa hiyo kuagana kumebanwa na sina cha kupima.

Kuagana, na hoja ambayo bado sijaimaliza

Tamthilia ya BBC ya 2006, Ruth Wilson na Toby Stephens, inanisumbua. Kuagana kwao kumewekwa kitandani, wamelala pamoja, wakibusiana. Wapenzi wa riwaya wana haki ya kununa: nguvu ya Jane kitabuni ni kusema kwamba kadiri anavyobaki peke yake bila rafiki, ndivyo atakavyojiheshimu zaidi, kisha akaondoka. Kwa macho, Wilson anaonekana karibu kushindwa. Funika kioo, na sauti yake imekwisha kuamua kabla mwili haujakubali. Sijui kama hilo lilipangwa, lakini ndilo tukio pekee ambalo majaribio yangu mawili yanapingana kabisa, na nimelirudia zaidi ya mengine.

Kwenye posa nina machache. Maneno ya Jane kwamba umaskini na udogo wake havimwondolei roho yanabebwa vizuri zaidi na tamthilia ya 1983, kwa sababu ina vipindi 11 na hakuna haraka. Mwaka 1943 upepo, radi na muziki wa Bernard Herrmann vinafanya nusu ya kazi ya waigizaji.

Ukurasa wa pembeni nimeutenga kwa tukio la mpiga ramli, Rochester anapojivika mavazi ya bibi kizee kuwahadaa wageni wake. Dalton alilicheza mwenyewe. Mwaka 2006 walimleta mwanamke wa kulifanya kwa niaba yake. Naona walimwogopa mtazamaji bure.

Zinazofuata ni filamu ya 1970, George C. Scott na Susannah York, na tamthilia ya 1973, Michael Jayston na Sorcha Cusack. Scott ni Rochester wa mwaka uleule aliocheza jenerali katika filamu ya vita ya Patton, kwa hiyo natarajia sauti nzito. York alikuwa amevuka miaka 30 akicheza msichana wa 18. Kwa hao wawili nitageuza utaratibu: masikio kwanza, ili sura ya York isinishawishi kabla sijamsikia akijibu kando ya moto.