Kumfuata ndege wa Moreau hadi Amani

Basi la kwenda Amani, kijiji cha milimani huko Usambara Mashariki mkoani Tanga, likitoka Muheza halina haraka. Lilisheheni magunia, madumu na wanafunzi, nasi tukabanwa kiti cha nyuma, mimi na shoga yangu mchoraji wa ndege, aliyekumbatia bahasha ya karatasi zake kama mtu aliyebeba mayai. Zigi tulisimama kidogo. Hapo ndipo ilipoishia reli ya Wajerumani, na nyumba ya stesheni ingali imesimama. Kuanzia hapo ni mlima na kona, hadi mashamba ya chai yalipoanza kuonekana.

Kilichotupandisha huko ni ndege mdogo wa kijivu asiye na urembo wowote ila mdomo mrefu mwembamba. Wataalamu humwita Artisornis moreaui. Yupo Usambara Mashariki, kisha hadi ufike kaskazini mwa Msumbiji ndipo umwone tena. Shoga yangu alikuwa ameagizwa kumchora kwa ajili ya mabango ya shule.

Reginald Moreau mwenyewe hakusomea ndege. Alikuwa mtu wa ukaguzi wa hesabu za jeshi kule Cairo, na mwaka 1928 akahamia Amani, kwenye kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Ndege huyu alipewa jina lake mwaka 1931. Akakaa hadi 1946, kisha akaenda Oxford na kuhariri Ibis, jarida la wataalamu wa ndege. Si haba kwa mtu wa hesabu. Lakini msituni hakuwa peke yake: alikuwa na Salimu Asmani, aliyemkusanyia ndege. Litaje jina hilo pale Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, uone kama kuna atakayegeuka! Mimi ningeanza na Salimu kila ninaposimulia habari za Amani, na hapa nimemchelewesha kwa sababu tu jina lililoandikwa kwa ndege ni la bosi wake.

Asubuhi kiongozi wetu, mzee wa makamo, alitupeleka ukingoni mwa msitu, mahali ambapo mitambaazi imesukana hadi mkono haupiti. Tulisubiri sana. Mbega walitupigia kelele, hondohondo wakapita juu kwa kishindo cha mbawa. Kisha mzee akanyoosha kidole.

Mchoraji hakuchora ndege. Alichora mistari tu: mgongo ulivyopinda, urefu wa mdomo ukilinganishwa na kichwa, kidole kilivyoshika kikonyo. Pembeni akaandika haraka rangi ya jicho na ya miguu. Aliniambia baadaye kwamba ndege aliyekaushwa makumbusho hubaki na manyoya, lakini rangi ya jicho na miguu hupotea, kwa hiyo asiyemwona hai huishia kubahatisha. Unyoya mmoja mmoja hujazwa mezani kwa rangi za maji, na hiyo ni kazi ya siku nyingi, ambayo wateja wengi huilipa kama picha ya dakika tano.

Jioni alimwonyesha mzee mchoro wa kwanza uliokamilika kwa penseli. Mzee aliuzungusha kwenye mwanga.

“Dada, mdomo umeukata. Wake mrefu zaidi ya huu.”

“Shikamoo, mzee wangu,” akacheka, akachukua ufutio. “Nioneshe basi uishie wapi.”

Mzee akaweka ukucha kwenye karatasi. Penseli ikafuata.