Doa la Bluu Kwenye Kisu cha Nyama

Oktoba 2012, siku tatu kabla ya Idd el-Hajj, shangazi alinituma Ngamiani, hapa Tanga, nikiwa na visu vinne ndani ya gunia. Kila kimoja kilikuwa kimefungwa tambara kwenye makali, kwa sababu visu vinavyogongana njiani hupigana mapengo kabla hata ya kufika kwa fundi. Kulikuwa na mbuzi sita wa kuchinja na masufuria mawili ya pilau. Agizo lake lilikuwa moja: kile cha nyama kisinolewe tena kwa mashine ya umeme.

Kisu hicho kilikuwa cha chuma cha zamani kinachoshika kutu, urefu sentimita 25, na ndicho alichokiamini kuliko vyote. Miezi miwili nyuma kilipelekwa kwenye karakana moja ya kuchomelea mageti, kikanolewa kwa mashine ya umeme. Kilirudi kinang'aa na kinanyoa nywele za mkono. Baada ya beseni moja la vitunguu kikawa kinaponda badala ya kukata, na karibu na ncha palikuwa na doa la bluu la upana wa vidole viwili. Sisi tulidhani ni uchafu wa mafuta. Tulilisugua kwa steelwool na jivu.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa mzee mwenye cherehe ya baiskeli. Gurudumu la nyuma limeinuliwa kwa stendi, mkanda wa mpira unatoka kwenye rimu ya ziada hadi kwenye puli ndogo juu ya bomba la katikati, na puli hiyo ndiyo inayozungusha jiwe. Kopo la maji lilining'inia pembeni. Yeye hukaa kwenye siti akipiga pedeli, mikono yote miwili iko huru kushika kisu, na mwendo wa jiwe unaamuliwa na mguu wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vinakata nini?"

Swali hilo ndilo ninalolitumia hadi leo kupima fundi. Anayepokea visu bila kuuliza kazi yake atavinoa vyote kwa mlalo mmoja, na hapo viwili kati ya vinne vitakuwa vimeharibika. Kisu chembamba cha mboga au samaki kinataka mlalo wa nyuzi 15 hivi kila upande. Cha nyama, nyuzi 20. Kishoka cha mifupa, 25 hadi 30, kwa sababu makali membamba yakigonga mfupa humeguka. Mzee hakuwa na kipimo chochote cha nyuzi. Alipima kwa kidole. Kwenye kisu chenye upana wa sentimita 4, ukiinua mgongo wake sentimita 1 kutoka kwenye jiwe umepata nyuzi 15, na ukiinua sentimita 1 na nusu kasoro kidogo umepata 20. Upana wa kucha yake ya kidole gumba ulikuwa unamtosha.

Alivitazama kimoja kimoja akiyaelekeza makali kwenye jua. Makali mazima hayaonekani. Ni mstari mweusi tu. Palipolika pana bapa dogo, na bapa hilo hurudisha mwanga kama uzi mweupe. Cha kuchinjia, kilichofuliwa kutokana na springi ya gari, kilikuwa na pengo dogo katikati. Alilionyesha kwa ukucha, akasema hicho lazima kishuke hadi pengo liishe, hata kama kazi itachelewa. Alikuwa sahihi. Kisu cha kuchinja chenye pengo huchana koo badala ya kulikata, mnyama akateseka, na mafundisho ya Mtume kuhusu kuchinja yametaja wazi kunoa kisu na kumpumzisha mnyama.

Kisha akafika kwenye kile cha nyama. Alichukua tupa laini akaipitisha taratibu kwenye ukingo, kuanzia karibu na mpini. Tupa iliteleza kwa mlio mkali, kama kijiko juu ya kioo. Ilipofika palipokuwa na doa la bluu, mlio ukazama na tupa ikauma. "Hapa pamekufa," akasema.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, na mengine nimeyaelewa baadaye nikiwa jikoni. Chuma cha kisu hutiwa moto mkali, kikapozwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kwa joto dogo, karibu nyuzi 200 za Selsiasi, ili kisivunjike kama kigae. Joto lolote linalozidi hilo la mwisho hukilegeza. Rangi ndiyo shahidi: kwanza njano ya majani makavu, halafu hudhurungi, halafu zambarau, na ikifika bluu joto limekaribia nyuzi 300. Mashine ya umeme huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na ukingo wa kisu ni mwembamba mno, hauna mahali pa kulipeleka joto hilo. Sekunde mbili za kukandamiza zinatosha. Rangi unaweza kuisugua ikaondoka, kama tulivyofanya sisi, lakini ulegevu unabaki ndani. Chuma kilicholegea hunoleka upesi na kupata makali ya wembe ya kupendeza, kisha makali hujikunja kwenye kitunguu cha kumi.

Dawa ilikuwa kuila sehemu iliyokufa hadi kufikia chuma kizima: milimita 3 hivi kwenye ncha, na kupunguza ukingo wote ili mchirizi wa kisu ubaki mmoja. Ukila ncha peke yake unapata shimo, na kisu chenye shimo hakigusi ubao wote. Vitunguu hubaki vimeshikana kama mkufu hata uvikate vipi. Kosa hilohilo hutokea karibu na mpini, pale fundi mwenye haraka anapoanzia kukandamiza.

Alifanya kazi kwa saa nzima kwenye kisu hicho kimoja. Mpito mmoja kutoka mpinini hadi nchani bila kusimama, mkono ukiinuka kidogo anapofika kwenye mkunjo wa ncha ili isiviringike, kisha kisu kinaingia kwenye kopo. Mpito, maji. Mpito, maji. Hakuvaa glavu, na alikuwa na sababu: kidole kimoja kilikaa kwenye bapa karibu na ukingo, na kidole kikishindwa kuvumilia, chuma kiko mbali bado na kuharibika. Pia alitazama matone. Matone yaliyobaki juu ya bapa yakianza kukimbia na kukauka, alipunguza mguu. Cheche za kisu hiki zilipasuka kama nyota. Za kile cha mboga kisichoshika kutu zilikuwa fupi, nyekundu, na chache.

Jiwe la baiskeli linatoa umbo. Makali yenyewe yalitoka kwenye jiwe bapa lililolowekwa kwenye ndoo tangu asubuhi, upande mmoja unakwaruza, mwingine laini kama sabuni. Kabla ya kuanza alilisugua juu ya sakafu ya saruji yenye mchanga na maji, kwa sababu jiwe linaloliwa katikati huwa bonde, na kisu kinachonolewa bondeni hupata makali ya duara. Hatua hii wengi huiruka.

Alisugua upande mmoja tu wa kisu, mlalo uleule, hadi alipopitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea ukingoni (kamwe si kwa kufuata urefu wa makali) na kuhisi kitu kinakwama. Ni utepe mwembamba sana wa chuma uliojikunja upande wa pili. Lazima uhisiwe kutoka mpinini hadi nchani. Pale usipokuwapo, pande mbili za kisu bado hazijakutana. Hapo ndipo akageuza. Baadaye akahamia upande laini wa jiwe, akibadilisha upande kila mpito na kupunguza nguvu hadi uzito wa kisu wenyewe. Mwisho, mkanda wa ngozi uliopigiliwa kwenye ubao, mgongo ukitangulia, mara kumi kila upande.

Utepe ule ndio chanzo cha lawama nyingi kwa mafundi. Ukiachwa, kisu kinakata vizuri ajabu siku ya kwanza, kwa sababu kinachokata ni utepe. Siku ya pili umelala, na mteja anasema kisu ni kibovu.

Alikijaribu kwa gazeti, karatasi ikishikwa kwa juu na kisu kikishuka bila kusukumwa. Mlio ukawa mmoja hadi mwisho, hakuna palipokwaruza. Kisha akanipa nyanya na kile cha mboga, akaniambia nivute bila kukandamiza. Ngozi ilifunguka kwa uzito wa kisu.

Kishoka alikimaliza kwa dakika kumi. Pembeni mwanamke mmoja alileta kisu cha mkate chenye meno, mzee akamrudishia. Jiwe lake pana lingeyasawazisha meno yote.

Alidai zaidi kwa kile cha nyama, nikalipa bila kuomba apunguze. Akanipa maagizo ya kumpelekea shangazi: kisikatie juu ya sinia wala sahani, kisiachwe na ndimu, kikaushwe papo hapo, kipakwe mafuta kidogo.

Usiku wa kuamkia Idd shangazi alikishika kisu kile akakipima mkononi. Kilikuwa kimepungua upana na ncha yake imekuwa nyembamba kuliko alivyoizoea. Alikata kilo tano za vitunguu, akafuta kisu, akavuta kipande cha gazeti, kikapasuka vilevile. Kwa nyama ya mifupa hakukitumia tena. Alikihamishia kwenye samaki, na huko kilidumu miaka mingine sita.