Sikukuu ndogo ndogo, sufuria moja

Krismasi mimi nimeshanyoosha mikono. Desemba ni nguo, ni kuku, ni wageni, ni nauli ya taksi imepanda mara mbili, na ikifika tarehe 26 niko kwenye kochi kama gunia na hela ya ada ya Februari imeliwa na kuku. Lakini hizi sikukuu zingine, zile kalenda inaandika kwa nyekundu alafu hakuna mtu anakuja kwako wala hakuna anayeuliza umepika nini, hizo nazipenda sana siku hizi. Hapa Jinja, Uganda, zikifika watu wanafua, wanalala, wanawasha tivii waone gwaride kidogo wanazima. Watoto wanauliza "Maama, leo shule imefungwa kwa nini?" na mimi zamani nilikuwa najibu ni holide, nendeni mcheze.

Ilianza na Februari 16, siku ya Janani Luwum. Ni holide tangu 2016 tu, kwa hiyo hata mimi sikukua nayo. Shule ndio zimefunguliwa juzi, hela hakuna kabisa, na kifungua mimba wangu akakaa mlangoni jikoni akauliza huyu mtu ni nani mpaka sisi tusiende shule. Nikamwambia alikuwa askofu mkuu wa Kanisa la Uganda, wakati wa Idi Amin watu walikuwa wanapotea ovyo, yeye na maaskofu wenzake wakaandika barua kumlalamikia rais, na mwaka 1977 siku kama hii akauawa, serikali ikasema ni ajali ya gari. Mtoto akanyamaza. Alafu akaniuliza, "Maama, wewe ungeandika hiyo barua?"

Nikaenda kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Mwaka uliofuata nikajipanga. Luwum ni mtu wa Mucwini kule Kitgum na huko ndiko alikozikwa, na mimi nina jirani Mwacholi, nikamwomba anifundishe malakwang, ile mboga yao ya majani machachu. Majani unayachemsha unamwaga maji ndio uchachu upungue, alafu unaweka odii, ile ya karanga na simsim, unakula na viazi vitamu. Sasa mimi kwa haraka zangu yale maji sikumwaga. Banange! Kitinda mimba alikunja uso mpaka macho yakapotea, baba yao akameza tonge moja akasema "asante mama, nimeshiba." Jirani alicheka mpaka akaegemea mlango, akarudi na lake akatuokoa. Ila hiyo ndio siku watoto wanaikumbuka kuliko zote, na sasa kila Februari wanauliza maji umemwaga? Tunakula, tunawasha mshumaa mmoja, anayetaka kuuliza anauliza, basi. Sijaweka kitu kingine hapo na sitaki kuweka.

Siku nyingine yetu wala sio holide. Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO waliitangaza Novemba 2021, na 2022 ilipofika mara ya kwanza baraza letu la mawaziri lilikuwa limepitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi siku chache tu kabla. Mimi nilizaliwa Walukuba, hapa hapa Jinja, baba alikuwa anafanya kazi kiwandani na kule kiwandani Mluo, Mgisu, Msoga, Mteso wote walikutana kwenye Kiswahili, kwa hiyo kwangu ni lugha ya baba akirudi jioni na mkate. Lakini mume wangu ni Msoga wa kijijini, yeye Kiswahili alikisikia kwa wanajeshi kwenye rodibloku, simama, toa kitambulisho, kaa chini. Ndio maana wazee wengi hapa ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakuangalia mfukoni kwanza. Siwalaumu.

Siku hiyo watoto wanaenda shule kama kawaida kwa hiyo ni jioni tu. Sheria ni moja, kuanzia saa kumi na mbili mpaka kulala hakuna Lusoga wala Kiingereza, ukiteleza unatia punje ya maharage kwenye kikombe chako, mwenye punje nyingi anaosha vyombo. Mwaka wa kwanza baba yao alifika punje 19 kabla ya chakula! Aliosha vyombo huku anaimba kwa Lusoga makusudi, akaongezewa.

Alafu vitendawili. Nikatega, kuku wangu katagia miibani, wakakwama, wakasema paka, wakasema hedgi, yaani uzio wa miti, nikawaambia nipeni mji. Wa katikati akanipa Kampala. Nikakataa, Kampala kuna jamu, sitafika leo. Akanipa Mbale, nikasema haya nimeenda Mbale nimekula chakula kizuri nimekunywa chai, jibu ni nanasi, na hapo ndio nikalitoa chini ya meza, nanasi la shilingi 3,000, gharama yote ya sikukuu. Babu yao nilikuwa nimempigia simu akawategea kimoja cha kwake, sauti inakatika katika, hakuna aliyejua jibu na mpaka leo amekataa kulisema. Wanampigia kila Jumapili kubahatisha.

Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda, tunapita haraka, majirani wanaotembea kwenda Namugongo tunawafungia chapati za njiani. Juni 9 ya mashujaa bado inanishinda, iko karibu mno na ile, tunalala tu.

Oktoba 9, siku ya uhuru, ni karatasi ya manila na rangi. Bendera mikanda sita, nyeusi njano nyekundu kisha tena, na katikati yule ndege ngaali, korongo mwenye taji, amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameuinua kuonyesha nchi inaenda mbele. Wa katikati alimchora ameweka miguu yote chini. Kifungua mimba akasema umekosea, huyu haendi popote. Mwenzake akajibu amechoka, tangu 1962 amesimama hivo, mwacheni apumzike kidogo. Baba yao alicheka mpaka chai ikammwagikia, akaibandika ile bendera juu ya friji na iko pale mpaka leo.

Juzi nimekuta mtu ameshaandika kwenye kalenda ya ukutani, Februari kuna neno MAJI, Julai kuna alama ya punje, na Oktoba 9 imeandikwa kwa penseli: "miguu miwili tena".