Iringa kwa wikendi moja, kwa Passo, na Mama kiti cha mbele

Kila niliyemwambia kwamba nataka kumpeleka Mama Iringa Ijumaa na kurudi Dodoma Jumapili alinipa sababu ya kutokwenda. Ofisini walisema Iringa ni mji wa kupita ukielekea Mbeya, hakuna cha kutazama zaidi ya baridi. Shemeji yangu, mtu aliyeendesha malori miaka mingi, akasema Passo, gari langu dogo, haipandi mlima wa Nyang'oro ikiwa na watu wanne, kwa hiyo ama nikodi gari la juu ama nizungukie Morogoro. Kuzungukia Morogoro! Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260, kisha Morogoro hadi Iringa zaidi ya 300 nyingine. Njia ya Mtera ni kama 260 peke yake, lami mwanzo hadi mwisho. Anayekushauri uzunguke anaikumbuka njia hii ya enzi za vumbi, na ukimsikiliza wikendi yako inaishia barabarani.

Tulikwenda, tukarudi, na gari lile lile dogo. Bado nina hasira na muda niliopoteza kusita.

Niliomba ruhusa kazini nikatoka Ijumaa mchana. Mama mbele, mdogo wangu na binti yangu nyuma. Mtera tulisimama kula perege wa kukaanga, wa moto, na ndimu na pilipili. Pale kwenye bwawa weka simu mfukoni, ni mahali pa ulinzi na askari hawana mzaha na picha. Ukivuka tu umeingia mkoa wa Iringa: Migoli, Izazi, mibuyu pande zote, halafu milima inaanza kukusogelea.

Sasa Nyang'oro. Nilivyofanya ni hivi: kabla ya mlima kuanza nilizima kiyoyozi, tukafungua vioo, nikaingiza gia ndogo mapema badala ya kungoja gari lianze kukohoa. Injini ndogo haipendi kushtuliwa katikati ya kona. Malori yaliyokuwa mbele niliyaacha yaende zao, sikuyapita hata moja kwenye kona. Tulipanda taratibu, mshale wa joto haukusogea, na juu kabisa tukasimama kutazama bonde tulilotoka. Mama akaniambia, "Mwanangu, mpigie shemeji yako." Nilimpigia.

Wanangu wote mnaotoka Dodoma au Dar, bebeni masweta. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku ule tulilala na mablanketi mawili mawili kwenye hosteli ya kanisa. Bei ilikuwa ya kawaida sana, na chai ya asubuhi ilikuwamo.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Kalenga, penye makumbusho ya Mkwawa, na hapa ndipo ilipokuwa sababu yangu hasa. Babu wa Mama alitoka Uhehe, lakini Mama alizaliwa na kukulia kwingine, na maisha yake yote amekuwa akisikia habari za Mkwawa, mtwa yaani mtawala wa Wahehe, bila kufika. Makumbusho yenyewe ni jengo dogo. Usitarajie vioo na taa za kifahari. Ndani kuna mikuki, ngao, bunduki za zamani, na ndani ya sanduku la kioo, fuvu la Mtwa Mkwawa. Mwongozaji alitusimulia akiwa amesimama kando yake: jinsi Wahehe walivyolivamia jeshi la Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wao Zelewski, waliyemwita Nyundo, jinsi ngome ya Kalenga ilivyopigwa mizinga na kutekwa Oktoba 1894, jinsi Mkwawa alivyopigana vita vya msituni karibu miaka minne zaidi, hadi Julai 1898 alipojipiga risasi kuliko kukamatwa. Fuvu lilipelekwa Ujerumani. Kurudishwa kwake kuliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na bado likakaa huko hadi 1954, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolirudisha.

Mama hakusema neno kwa muda mrefu. Binti yangu, ambaye alikuwa anajua Lugalo ni hospitali ya jeshi Dar es Salaam, aliuliza maswali mpaka mwongozaji akaketi. Mtu akikuambia Kalenga ni dakika kumi tu na kuondoka, mjue huyo hakuuliza kitu. Toeni muda, na mpeni mwongozaji asante yake mkononi.

Kisha Isimila, penye zana za mawe za kale na korongo la nguzo ndefu zilizochongwa na maji, na hapo ushauri mbaya ukatugharimu. Mgeni mmoja pale hosteli alitusisitizia twende saa kumi jioni, eti jua likiwa limelala nguzo zinatoka vizuri kwenye picha. Labda mwezi wa saba ni kweli. Sisi tulikuwa kwenye masika, na Iringa masika asubuhi ni nyeupe na mchana mbingu inafunga. Tulikwenda kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, tukaingia kipande kifupi cha udongo, tukapokelewa vizuri. Tukaoneshwa zana za mawe zilivyolala pale pale zilipofukuliwa: shoka za mkono zenye umbo la tone, nyingine kubwa kiasi kwamba unajiuliza mkono wa nani uliziinua. Mwanafunzi kutoka Afrika Kusini ndiye aliyeziona mwaka 1951, na Clark Howell akaja kuchimba 1957 na 1958. Palikuwa na ziwa la kina kifupi enzi hizo, na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka imepatikana humo, kiboko ambaye macho yake yalichomoza juu kabisa ya kichwa. Binti yangu alikuwa bado anamchora huyo kiboko mvua ilipoanza.

Mwongozaji akakataa katakata kutushusha korongoni. Nilimsihi, nikasema tumetoka Dodoma. Akanionesha kwa kidole maji mekundu yanavyoanza kukimbia chini, akasema, "Dada, maji haya ndiyo yaliyochonga hizo nguzo. Hayana rafiki." Alikuwa sahihi kabisa na ninamshukuru. Tukakaa chini ya bati, kelele ya mvua tupu, hadi ilipopungua. Kutoka pale hadi kwenye lami mdogo wangu alitangulia kwa miguu akinionesha pa kukanyaga, mimi nikipandisha matairi ya kushoto kwenye majani ya pembeni ambako ardhi ilikuwa imeshikamana. Gari liliyumba, halikunasa.

Hapo nikagundua siri ya mji huu wakati wa mvua, na mtu yeyote asikudanganye vinginevyo: asubuhi ni ya nje ya mji, mchana ni ya mjini chini ya paa. Jioni ile tukanywa kahawa Neema Crafts, ambako tangu 2003 wanafanya kazi watu wenye ulemavu, wengi wao viziwi. Unaandika unachotaka kwenye karatasi, na binti yangu akajifunza ishara ya asante.

Jumapili tuliamka giza, tukarudi Isimila. Gari nililiacha kwenye duka la barabarani, kando ya lami, nikamwachia mwenye duka kitu kidogo, Mama akapanda bodaboda na sisi tukatembea. Jua la saa moja asubuhi lilikuwa linaingia korongoni kwa ubavu, nguzo zikiwa zimelowa bado, nyekundu na za rangi ya maziwa, ndefu kuliko nyumba, na hakuna mtu mwingine. Mwongozaji yule yule alitupokea kwa kicheko. Mama, na magoti yake, alishuka hadi chini na kupanda bila kushikwa mkono.

Mjini tulipanda jiwe la Gangilonga (nenda na mwenzako, na vitu vya thamani viache), tukaingia makumbusho ya Boma kwenye jengo la Wajerumani, na sokoni Mama akanunua vikapu vya milulu vingi kuliko buti ilivyoweza. Kuna mama mmoja alimsalimia kwa Kihehe, "kamwene", naye akaitikia kana kwamba amekuwa pale siku zote.

Ondokeni kabla ya saa nane mchana, kwa sababu giza likiwakuta kati ya Migoli na Fufu mtakutana na ng'ombe barabarani wasio na taa. Kushuka Nyang'oro shukeni na gia ile ile mnayopandia, breki ziguseni kwa kidogo kidogo, vinginevyo mtasikia harufu kabla hamjafika chini. Mafuta, malazi, chakula, viingilio na vikapu vyote kwa pamoja havikufika laki nne, na hilo gari la juu nililoambiwa nikodi peke yake lingezidi hapo. Michoro ya mwambani ya Igeleke hatukuiwahi. Tutairudia mwezi wa saba, kiangazi, na shemeji ameomba nafasi kiti cha nyuma.